Thabeet: Urefu ulimbeba au ulimponza?

Ikiwa umewahi kuabiri matatu pamoja na mashabiki wawili wa mpira wa vikapu, bila shaka wajua kwamba ndugu zetu hawa hawakubaliani hata kuhusu rangi ya mpira wenyewe. Lakini upo ubishi mmoja ninaoufahamu nje ndani, kwa kuwa nililala nao na kuamka nao. Ni ule kuhusu Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa senta wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, kuanzia mwaka 2006 hadi 2009.

Siku hizo tulikuwa wanafunzi hapa Nairobi, watatu katika chumba kimoja. Mwenzetu mmoja, mwenyeji wa Mombasa, alimtetea Thabeet kana kwamba walizaliwa tumbo moja. "Huyu anaota ndoto kwa Kiswahili," alikuwa akisema, na kwake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Wa pili alikuwa akichezea timu ya chuo, tena katika nafasi hiyo hiyo ya kati, na hakuwa na huruma. "Mlingoti huo," alijibu. "Mlingoti hauchezi, unasimama." Mimi nilikuwa katikati, mara huku mara kule, kama ilivyo kawaida ya mtu anayetegemea wenzake kwa sukari na mafuta ya taa.

Tuanze na aliyoyasema wa Mombasa, maana alikuwa na hoja. Thabeet alikuwa na urefu wa futi 7 na inchi 3. Alianza kucheza mchezo huu akiwa tayari kijana wa miaka kumi na mitano hivi, umri ambao wenzake wa Marekani huwa wameshaucheza miaka minane au tisa. Akamalizia sekondari Houston, jimbo la Texas, kisha akachukuliwa na kocha Jim Calhoun wa Connecticut. Mwaka wa kwanza alipata wastani wa alama 6.2 kwa mechi. Mwaka wa pili zikawa 10.5. Mwaka wa tatu zikafika 13.6, pamoja na ribaundi 10.8, na juu ya hayo alizuia mitupo 4.2 kila mechi. Ukiona mtoto apanda hivyo darasani kila mwaka, utasema nini ila kwamba ana kichwa?

Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga alama 15, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mechi moja. Alitawazwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mwaka 2008 na tena mwaka 2009. Na hapo, asema mwenzetu, hujahesabu mitupo ambayo haikutupwa kabisa. Kweli, msomaji, hilo ni jambo ambalo takwimu hazilionyeshi. Mchezaji wa pembeni anapenya mbio hadi chini ya kikapu, anainua macho, anamwona yule bwana kasimama, kisha anageuka na kuurudisha mpira alikotoka. Hakuna anayeandika hilo kwenye karatasi, lakini timu imeokoka.

Sasa msikilize yule wa pili. Yeye hakutazama mikono ya Thabeet ikiwa juu. Alitazama miguu na nyonga. Katika nafasi ya senta, alisema, vita havipiganwi hewani bali chini. Aliye mfupi na mzito hukuwekea nyonga yake chini ya yako, akakusukuma hatua mbili nje, na urefu wako wote ukabaki pambo. Alilalamikia pia viganja: pasi nzuri ikimfikia Thabeet karibu na kikapu, mara huidondosha, mara huishusha kiunoni ambako hata mtoto aweza kuipokonya. Na akishaushika mpira, ana mbinu ngapi za kufunga? Mbili, labda moja na nusu.

Tarehe 16 Februari 2009 ndiyo iliyomnyamazisha wa Mombasa kwa wiki nzima. Ilikuwa siku ambayo Thabeet alitimiza umri wa miaka 22. Connecticut, waliokuwa namba moja nchini Marekani, waliwakaribisha Pittsburgh mjini Hartford. Senta wa Pittsburgh, DeJuan Blair, alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 7 tu, lakini mpana kama kabati la nguo. Waliponyang'anyana mpira mmoja, Blair alimzungusha Thabeet begani na kumbwaga sakafuni mbele ya kadamnasi. Blair alimaliza na alama 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata alama 5 na ribaundi 4, na Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68. Mechi ilichezwa usiku wa manane kwa saa za kwetu, matokeo tukayapata asubuhi, na yule mchezaji wetu hakusema neno. Alikunywa chai yake akitabasamu.

Hata hivyo hadithi haikuishia pale. Msimu huo Connecticut walifika nusu fainali ya taifa, wakatolewa na Michigan State 82 kwa 73 jijini Detroit. Thabeet na Blair waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, kila mmoja akitajwa pamoja na mwenzake, jambo lililowapa mashabiki kuni nyingine za kuwashia moto.

Likabaki swali kubwa: Je, abaki chuoni mwaka wa nne ama aende kwenye ligi ya kulipwa, NBA? Wengi waliosema abaki walisema kweli kuhusu mchezo. Mwaka mmoja zaidi wa kujenga mapaja, wa kujifunza kupokea pasi, wa kutandikwa na akina Blair bila kulipiwa hasara. Lakini hebu jiweke mahali pake, wewe mzazi unayesoma haya ukiwa na watoto sebuleni. Huyu alikuwa amefiwa na babake angali kijana, na Dar es Salaam kulikuwa na familia. Mbele yake kulikuwa na mshahara wa zaidi ya dola milioni 4 kwa mwaka wa kwanza tu. Goti moja likiteguka katika mwaka huo wa nne, nani angemlipa? Kocha? Mashabiki? Mimi hapo niliachana na yule mchezaji wetu na sijarudi kwake hadi leo: kijana alifanya sawa kuondoka.

Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Baada yake alichaguliwa James Harden, na nambari 7 akawa Stephen Curry. Blair, yule kabati, alingoja hadi nambari 37.

Kilichofuata ndicho hutumiwa kumcheka. Mwaka wake wa kwanza alipata wastani wa alama 3.1, akicheza dakika 13 kwa mechi, na Februari 2010 akapelekwa kwa muda kwenye ligi ndogo. Alipita Houston, Portland na Oklahoma City. Jumla alicheza mechi 224 za msimu wa kawaida katika NBA, wastani wa alama 2.2. Watu husema, "Si tuliwaambia?"

Walituambia, ndiyo, ila nadhani hawakutuambia sababu yenyewe. Katika mchezo wa vyuo vya Marekani, mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu chake apendavyo, kama bawabu mlangoni. NBA hairuhusu hivyo tangu msimu wa 2001-02. Mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu hawezi kukaa katika eneo lile zaidi ya sekunde tatu. Akikaa, timu yake huadhibiwa. Kwa hiyo sehemu ya ustadi wa Thabeet chuoni ilikuwa ni sheria yenyewe ikimfanyia kazi. Akatolewa mlangoni, akaambiwa awafuate watu mbali na kikapu, kwa miguu ile ile iliyolalamikiwa, wakati ambapo mchezo wenyewe ulikuwa unahamia kwenye mitupo ya mbali ya akina Curry. Tena pale Memphis nafasi ya senta ilikuwa ya Marc Gasol, na mtu hajifunzi kuogelea akiwa ameketi ufukoni.

Watetezi wa Thabeet hupenda kumtaja marehemu Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyeingia Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akiwa naye mgeni katika mchezo, akaishia kucheza NBA misimu 18. Mfano mzuri, lakini waangalie vizuri. Mutombo alikaa Georgetown hadi 1991, akatoka akiwa na miaka 25 na kiwiliwili cha mtu mzima. Pia sheria ile ya sekunde tatu ilimkuta akiwa ameshakuwa Mutombo.

Nilipomsikia Thabeet tena, ilikuwa mwaka 2020. Alikuwa na umri wa miaka 33, yuko Taiwan akiichezea Hsinchu Lioneers, kasimama chini ya kikapu mikono juu. Nikampigia simu yule mchezaji wetu wa zamani, ambaye sasa ni baba wa watoto watatu na kitambi. "Bado anacheza?" akashangaa. Kisha, baada ya kimya kifupi, "Na viganja je?"

Yule wa Mombasa naye adai kwamba miaka kumi na mmoja ya kulipwa kwa kucheza mpira ni ushindi, na kwamba nadaiwa soda mbili na chapati nne tulizowekeana mwaka 2009. Huyu mwingine asema anayedaiwa si yeye. Mimi ndiye niliyeshika pesa zao, na naungama kwamba nilizila zamani.