Brussels hadi London: kilometa ni chache, viza ndiyo safari

Kutoka uwanja wa ndege wa Zaventem, Brussels, hadi Heathrow, London, ni kama kilometa 350. Ndege huchukua saa moja na dakika chache. Na kwa kuwa saa ya London iko nyuma kwa saa moja, anayeondoka Brussels saa nne asubuhi anaweza kufika London saa nne na robo.

Kwa mwenye pasipoti ya Kongo, hesabu hiyo haitoshi. Viza ya Schengen inayomfikisha Ubelgiji haimwingizi Uingereza, kwani Uingereza haimo katika eneo la Schengen. Hata kubadilisha ndege tu katika viwanja hivyo, bila kutoka nje, kwa kawaida kunadai viza ya kupita.

Hapo ndipo familia zilizokimbia vita zinapoumia. Ndugu aliye Ulaya anatuma pesa, tiketi ya bei nafuu inanunuliwa, kisha msafiri anakataliwa kupanda ndege. Viza iulizwe kwanza, kwa kila nchi ambamo ndege itatua. Na wanaouza tiketi waseme ukweli huo kabla ya kupokea pesa.