Nchi si kampuni: somo la Carly Fiorina

Kila uchaguzi ukikaribia, huku kwetu na ng'ambo, hutakosa kumsikia mtu akisema: "Tumechoka na wanasiasa. Tupeni mtu aliyeendesha kampuni kubwa." Hata sisi watu wa tarakilishi tunaupenda wimbo huu, maana mabosi wa kampuni za teknolojia ndio mashujaa wetu. Mimi siuimbi. Ukiniuliza sababu, nitakutajia jina moja: Carly Fiorina.

Mama huyu alishika usukani wa Hewlett-Packard, ile HP ya printa, Julai 1999. Mwaka 2001 alitangaza kuinunua Compaq kwa takriban dola bilioni 25. Walter Hewlett, mtoto wa mmoja wa waanzilishi na mjumbe wa bodi, alipinga waziwazi. Wenyehisa walipopiga kura mwaka 2002, mpango huo ulipita chupuchupu.

Katika miaka yake, watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Februari 2005 bodi ilimtimua, hisa zikiwa zimepoteza karibu nusu ya thamani. Siku hiyo hiyo bei ya hisa ilipanda kwa takriban asilimia 7. Yaani soko lilishangilia! Naye akaondoka na kiinua mgongo cha dola milioni 21 hivi.

Ungedhani hadithi iliishia hapo. La hasha! Mwaka 2010 aligombea useneta wa California, na mwaka 2015 akajitosa kuwania urais wa Marekani. Sifa yake kubwa ilikuwa ipi? Kwamba aliongoza HP.

Watetezi wake wana hoja mbili. Kwanza, kwamba kampuni nyingi za teknolojia ziliporomoka miaka ile. Ni kweli, nakubali. Pili, kwamba mapato ya HP yaliongezeka karibu maradufu. Hapo nacheka. Ukichukua duka lako ukaliunganisha na la jirani, lazima mauzo yaongezeke. Huko si kukua, ni kujumlisha tu.

Lakini hata angefaulu HP, bado ningempinga. Bosi wa kampuni akiona hesabu hazikai sawa, anapunguza watu. Wakishatoka kwenye orodha ya mishahara, si shida yake tena. Lakini watu hao hawakuyeyuka hewani. Walibaki na kodi za nyumba na watoto wa kusomesha, na serikali ndiyo inayobaki nao. Hebu fikiria gavana wako atangaze kwamba wadi yenu haileti faida, kwa hiyo inafungwa. Raia hafutwi kazi ya uraia.

Tena, bodi ilihitaji kikao tu kumwondoa. Mpiga kura wa California akimchagua seneta mbaya, anakaa naye miaka 6.

Na kuna jambo dogo linaloniudhi zaidi. Alipoanza kuutafuta useneta, Fiorina alikiri kwamba chaguzi nyingi zilipita bila yeye kupiga kura. Sasa wewe, kupanga foleni huwezi, ila kutupangia sisi foleni unaweza?

Wapiga kura walimjibu. Mwaka 2010 Barbara Boxer alimshinda kwa takriban pointi 10, na Februari 2016 alijiondoa kwenye mbio za urais.

Sisemi aliyewahi kuwa mkurugenzi asigombee kamwe. Nasema tumpime kama tunavyopima programu kabla ya kuiweka kwenye seva: ilifanya nini ilikotoka, na ilipoharibika nani aliumia? Mgombea akijisifu kwamba aliokoa kampuni, muulize waliopigwa kalamu walikuwa wangapi, na yeye aliondoka na kiasi gani.

Kama una hoja ya kunipinga, ilete. Ila ije na hesabu.