Mbwa Asiyezoea Watu Halindi Mtu

Kibao cha bati kinachoning'inia kwenye mageti mengi ya Nairobi kina kosa la sarufi lililoenea mno hata hakuna anayeliona tena. Kimeandikwa "Mbwa Kali". Kiswahili sanifu kinataka "mbwa mkali", maana mbwa ni kiumbe mwenye uhai, naye huchukua upatanisho uleule wa mtu: mbwa mkali, kama mwalimu mkali. "Kali" tupu ni ya pilipili, ya dawa, ya jua la saa saba. Aliyechora kibao hakukusudia kutufundisha falsafa, lakini ametufundisha. Nyuma ya geti hilo mbwa amehesabiwa kuwa kitu, sehemu ya geti lenyewe, ndugu wa kufuli na wa vipande vya chupa vilivyopandwa juu ya ukuta. Ukivuka mpaka ukaingia Arusha au Dar es Salaam, huenda sarufi ya kibao ikanyooka, lakini imani iliyokitundika ni ileile: mbwa wa ulinzi akizoea watu, ameharibika.

Imani hiyo ina taratibu zake, na zinajulikana. Mtoto wa mbwa hununuliwa akiwa mchanga, kwa bei nzuri ikiwa ni wa "kizungu", kisha hutiwa bandani au hufungwa mnyororo chini ya mwembe. Watoto wa nyumba hukatazwa kumgusa. Mgeni akifika, mbwa hufichwa. Anayemlisha ni mmoja tu, aghalabu kijana wa shamba, naye huisukuma sufuria kwa mguu na kurudi nyuma haraka. Usiku hufunguliwa, alfajiri hurudishwa. Wapo hata wanaoapa kwamba pilipili ikichanganywa kwenye ugali humzidishia moto. Patazame mchana pale anapofungwa: duara la udongo uliokanyagwa mpaka ukang'aa, upana wake sawasawa na urefu wa mnyororo, hamna jani hata moja, shina la mti limechubuka gome pale chuma kinapozunguka, bakuli limepinduliwa nje kidogo ya mstari, mahali mguu haufiki. Mwenye nyumba akisikia mnyama huyo akibweka mpaka sauti inakauka husema, "Huyu ni mkali kweli." Hapo ndipo kosa lilipo. Anachokisikia ni woga, na woga hauwezi kumlinda yeyote.

Mlinzi ni anayebagua. Askari wa getini ambaye angemtandika rungu kila apitaye, bosi wake akiwamo, angefukuzwa siku ya kwanza, na hakuna ambaye angemsifia ukali. Mbwa naye hivyohivyo. Ili ang'amue kuwa mtu anayeruka ukuta saa nane za usiku ni jambo lisilo la kawaida, sharti kwanza aijue kawaida yenyewe: mwendo wa muuza maziwa, mlio wa bodaboda anayeleta mzigo, harufu ya shangazi aliyefika kutoka Tanga, fundi bomba na mfuko wake wa vyuma. Mbwa aliyelelewa gizani hana kawaida ya kulinganishia. Kwake kila kiumbe ni mgeni na kila mgeni ni hatari. Sasa fanya hesabu ndogo. Mwizi huja mara moja kwa miaka kadhaa, kama huja. Msoma mita wa maji huja kila mwezi, maziwa huja kila asubuhi, na watoto wapo kila siku. Komeo la banda likisahauliwa mchana mmoja, hesabu yenyewe inaonyesha nani atakutana na meno.

Elimu ya jambo hili si ngeni. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha matokeo ya miaka mingi ya kulea mbwa wa aina tano mbalimbali katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine. Waligundua kwamba kuanzia takriban wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili tangu kuzaliwa, mtoto wa mbwa yuko katika kipindi cha kuandikwa, kama ubao mpya: watu, sauti na wanyama anaokutana nao kwa wema katika kipindi hicho huwa ni wa kwao maishani. Aliyepitishwa kipindi hicho bila kuona watu hukua akiwaogopa, na kumrudisha baadaye ni kazi ngumu mno. Sisi tunafanya nini? Tunamnunua akiwa na wiki nane, tunamfungia wiki zile hasa zilizobaki, kisha akitimiza mwaka mmoja, kilo arobaini, hashikiki, tunasema damu yake imeanza kuchemka.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye vifo. Jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani lilichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa visa 256 vya watu waliouawa na mbwa nchini humo kati ya mwaka 2000 na 2009. Watafiti hawakutegemea magazeti peke yake. Waliwahoji polisi na maofisa wa wanyama waliofika penye tukio. Katika visa zaidi ya robo tatu, mbwa aliyeua alikuwa akikaa tu kwenye eneo la nyumba, kwenye mnyororo, bandani au uani, bila kushirikiana na watu kwa wema kila siku. Katika asilimia 84 mbwa hakuwa amehasiwa. Katika asilimia 85 aliyeuawa hakuwa na mazoea na mbwa huyo, na katika asilimia 87 hapakuwa na mtu mzima mwenye uwezo wa kuingilia kati. Ndiyo, hizo ni takwimu za Marekani, si za Mbezi wala Kitengela. Lakini soma tena orodha hiyo taratibu. Ni maelezo ya mbwa wetu wa ulinzi kama tunavyomtaka awe.

Hapa mtu wa mbegu, anayeamini aina ya mbwa kuliko malezi, atanyanyua mkono. Atasema yote hayo ni ya koko. German Shepherd, Rottweiler na Boerboel wamezaliwa wakali, ukali uko kwenye damu. Imani hii ni pacha wa ile ya kwanza, na ina wafuasi hata serikalini. Uingereza ilipiga marufuku aina nne za mbwa kwa sheria ya mwaka 1991, kisha ikaongeza XL Bully mwishoni mwa 2023, miaka 32 baadaye, jambo linaloonyesha kuwa zile nne hazikulimaliza tatizo. Uholanzi ilipiga marufuku mbwa wa aina ya pit bull mwaka 1993, ikaona idadi ya walioumwa haishuki, na mwaka 2008 ikatangaza kuifuta marufuku hiyo. Nao wanasayansi, katika utafiti uliotoka katika jarida la Science mwaka 2022, walikusanya majibu ya wamiliki wa mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati yao. Walikuta kwamba mbegu inaeleza takriban asilimia tisa tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Wahenga wa pwani walikwisha kusema: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Hawakusema mbwa wa mama mkali.

Sisemi kwamba mbegu si kitu. Mbegu inakuambia utapata usumbufu wa namna gani, na uzito wake. German Shepherd alitengenezwa kuchunga kondoo, hivyo macho yake hufuata chochote kinachokimbia. Watoto wakicheza mpira atawafuata visigino. Anayemchapa kwa hilo anapoteza muda. Mbwa huyo anahitaji kutembezwa kwa kamba na kupewa kazi ya akili, na achoshwe kabla watoto hawajatoka shule. Mababu wa Rottweiler waliswaga ng'ombe na kukokota mikokoteni ya wachinjaji katika mji wa Rottweil, Ujerumani. Huyu hapigi kelele nyingi, husimama tu na kukukazia macho, na akikaza mwili juu ya mfupa wake usimnyang'anye, mbadilishie kitu kitamu zaidi. Boerboel ni mbwa wa mashamba ya Afrika Kusini, mzito kuliko kijana anayemlisha. Japanese Spitz, yule mweupe wa manyoya, atabweka kwa kila jani linaloanguka. Naye pia huuma, ila hakuna anayemwekea kibao. Mbegu zote hizo zinataka jambo moja wakati mmoja: watu, mapema na kila siku.

Wanaokataa hilo hukimbilia fimbo. Mbwa akinguruma, apigwe, ajue nani mkubwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wamiliki 140 waliopeleka mbwa wao kutibiwa tabia. Kati ya waliowahi kumpiga au kumpiga teke mbwa kwa kosa lake, asilimia 43 walisema mbwa aliwajibu kwa ukali. Wala si ajabu. Ngurumo ni onyo, ni namna ya mbwa kusema "niache" kabla hajafika kwenye meno. Ukiichapa mpaka iishe, woga unabaki palepale, kilichokwenda ni taarifa. Kisha siku moja atamng'ata mtoto na nyumba nzima itashangaa: "Hata hakunguruma!"

Kama kumzoeza mbwa watu ni kumharibu, basi waharibifu wakubwa ni polisi. Mbwa wao, ambaye anaweza kuamriwa kumkamata mtu mkono na kuung'ang'ania, ndiye anayepitishwa katikati ya umati wa uwanja wa ndege, akinusa mabegi na kupishana na vitoto, bila kumgusa mtu. Mwelekezaji wake yuko naye kutwa. Nchini Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki tangu mwaka 1994, ili duma wasile mbuzi na wafugaji wasiue duma. Hawamfungii mbwa ili awe mkali. Humweka zizini na mbuzi angali kitoto, alale nao, awanuse, awaone ni jamaa zake; ukubwani huwatetea kwa sababu hiyo hasa. Na mbwa wa boma la Mmasai, ambaye hajui banda wala mnyororo, hulala karibu na ndama na watoto wa nyumba, na bado fisi akisogea ndiye wa kwanza kupiga kelele. Ulinzi wote huo umeota kwenye mazoea.

"Lakini mbwa mpole atarushiwa nyama yenye sumu." Mwenye njaa ndiye hudaka kinachorushwa, na mbwa wa bandani anayelishwa makombo mara moja kwa siku ndiye mwenye njaa. Aliyeshiba, aliyefundishwa kula kwenye bakuli lake tu, na anayelala karibu na mlango wa nyumba badala ya nyuma ya stoo, ana nafasi nzuri zaidi, japo hakuna mbwa asiyeweza kuuawa. Wapo pia watakaosema kwamba mate ya mbwa ni najisi, na kwa watu wa pwani wanaofuata madhehebu ya Shafi hilo si dogo. Lakini mafundisho hayohayo yameruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na hakuna mwindaji aliyewahi kuwinda na mbwa asiyemjua. Kumzoeza mbwa watu hakuhitaji alambe mikono ya mtu wala aingie sebuleni. Kunahitaji awaone, asikie sauti zao, atembezwe, alishwe kwa wakati. Asiye na nusu saa asubuhi na nusu saa jioni kwa kazi hiyo anunue taa za ukutani na king'ora. Havili, haviumi, wala havina mtoto wa jirani wa kuogopa.

Kuna hasara moja ambayo wenye vibao hawaihesabu kabisa, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wanne kati ya kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja kuona mbwa atafanya nini. Dalili zikishatokea, kupona ni nadra mno. Ili kuukata mnyororo wa maambukizi inatakiwa asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Siku ya chanjo inapofika, uwanja wa shule hujaa watoto wakivuta mbwa wao koko kwa kamba za katani, na koko hao hudungwa sindano na kurudi nyumbani wakitikisa mkia. Yule wa bei mbaya, wa nyuma ya geti, haji. Hakuna anayethubutu kumfunga kamba.

Kwa hiyo, wewe mwenye kibao, kabla ya kumfungulia leo usiku, hesabu watu wa nyumba yako wanaoweza kumshika mbwa wenu shingoni akatulia mpaka sindano itoke. Kama hesabu inaishia kwa kijana wa shamba, basi mbwa huyo ni wake, si wenu, na siku kijana atakapoacha kazi mtabaki mmefungiwa ndani ya ukuta na mnyama msiyemjua.