Askari wa Mwili na Watulizaji Wao: Hoja ya Istilahi

Wahenga walinena: kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii ilinijia nilipomsikiliza jirani yangu, mama ambaye mwanawe anaugua kisukari cha aina ya kwanza. Daktari alikuwa amemweleza kwamba "askari wa mwili" wamelishambulia kongosho la mtoto. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, hao askari hawana wa kuwazuia?" Sikuwa na jibu.

Taswira ya askari tumeizoea tangu kampeni za UKIMWI. Ilitufaa, lakini ni nusu ya hadithi. Mwaka 1995, Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kuwa zipo seli T zinazozizuia seli nyingine za kinga kuushambulia mwili wenyewe. Mwaka 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani walitambua jeni ya Foxp3, ambayo baadaye ilibainika kuwa ndiyo inayoongoza ukuaji wa seli hizo. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Mojawapo ya nyenzo za seli hizi ni sitokini, yaani protini ambazo seli hutumiana kama ujumbe. Intaleukini-10 hupunguza makali ya seli zinazowaonyesha askari adui; TGF-beta huzizuia seli T nyingine kuongezeka. Aidha, seli hizi huifyonza intaleukini-2, ambayo askari huihitaji ili wazaane.

Je, tuziiteje kwa Kiswahili? Tukitafsiri sisisi tutasema "seli kandamizi". Lakini mkandamizaji hudhulumu, ilhali hizi huokoa. "Dhibiti" ni afadhali, ila lanukia amri ya kituo cha polisi. Napendekeza "seli tulizi", kwani kutuliza ni kazi ya mzee wa baraza anayewaamua vijana kabla mapanga hayajachomolewa. Atakayedai kuwa jina hili ni sifa mno, kwa vile seli hizi huweza pia kuukinga uvimbe wa saratani, namjibu: hata msuluhishi huweza kumtetea mwizi.

Wanafunzi wenzangu, istilahi si pambo la tasnifu. Ni deni letu kwa mama yule. Leo ningemwambia: "Mama, askari wanao watulizaji. Kwa mwanao, watulizaji walizidiwa."