Kikombe si Gramu 250

Kuna hesabu inayozunguka katika majiko yetu hapa Toronto, toka Scarborough hadi Etobicoke. Inasema hivi: kikombe kimoja ni gramu 250, kwa hiyo kilo moja ni vikombe vinne. Imo katika mapishi ya mahamri, inarudiwa katika kamati za harusi na za misiba, na kijana anayeitoa huitoa kwa sauti ya msomi. Sisi tunasema hesabu hiyo ni ya maji. Kwa mchele ni uongo, na kwa unga ni uongo uliozidi.

Kikombe cha vipimo cha Kanada kina mililita 250. Jaza maji, utapata gramu 250. Jaza mchele, utapata kama 200, maana kati ya punje na punje pana hewa. Unga wa ngano uliochekechwa hauvuki 130. Nazi kavu ya pakiti haifiki 100. Na hicho ni kikombe kimoja tu! Cha Marekani kina kama mililita 237, na kile cha plastiki kinachokuja na sufuria ya umeme ya wali kina 180, kwani kinafuata kipimo cha Kijapani. Mtu ana vikombe vitatu katika kabati moja, na vyote kwake ni "kikombe".

Sasa tazameni hasara. Tuseme kamati imenunua gunia la basmati la pauni 40 pale Gerrard Street, yaani kilo 18 na ushei. Kwa hesabu ile ni vikombe 72, na kwa kikombe na nusu cha maji kwa kila kikombe cha mchele, mpishi atapima maji vikombe 108. Lakini gunia lina vikombe karibu 90, vinavyotaka maji 135. Pengo ni vikombe 27, karibu lita 7. Ni kweli sufuria kubwa huhitaji maji kidogo kuliko ndogo kwa kiasi chake, ila si kwa pengo kama hilo. Wageni wamekaa, wali una kiini, na lawama anatupiwa mama aliyesimama jikoni, si yule aliyeleta hesabu.

Na wala haikuhitajika! Mama zetu hawakugeuza kitu. Chombo kilichopimia mchele ndicho kilichopimia maji, basi. Walikuwa na kibaba. Vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi. Tena walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa mdomoni, na cha tele, kilichofurika. Wangapi wanaokariri kwamba haba na haba hujaza kibaba wamewahi kukishika?

Jambo hili linagusa hata fitri. Kipimo chake asili ni mudi nne, na mudi ni ujazo wa viganja viwili. Masheikh wanajua kwamba kilo zinazotangazwa kila Ramadhani ni makadirio. Lakini waumini tumezichukua kana kwamba za mchele, za unga na za tende ni zile zile. Haziwezi kuwa.

Hatusemi mizani itupwe. Wakulima wa kwetu wamepunjwa vya kutosha kwa debe lililobonyezwa na gunia la lumbesa, na anayenunua ana haki ya kuona kilo zake. Mizani ni ya dukani na ya keki. Wali wataka chombo kimoja na jicho. Anayelazimika kutoka kimoja kwenda kingine apime kikombe chake mwenyewe, kwa mchele wake mwenyewe, mara moja, aandike ubavuni. Mizani ndogo ya jikoni si ghali.

Kuanzia toleo lijalo, mapishi yatakayotufikia na neno "kikombe" bila mililita zake tutamrudishia mwandishi.