Deki Kuukuu na Diski za Kuchoma

Mwalimu wa Tabora anayerekodi simulizi za wazee wa Kwihara, kwenye njia ya misafara alipokaa Livingstone mwaka 1872, asiilaumu deki kuukuu inapoikataa diski aliyoichoma. Diski ya kiwandani ina vishimo vilivyogandamizwa. Ya kuchoma ina tabaka la rangi lenye alama zilizochomwa kwa mwali wa leza. Ile ya kufutika, yenye tabaka la aloi, hurudisha nuru hafifu zaidi, na deki za awali hazikuundwa kuisoma. Diski isiyofungwa baada ya kuchomwa, deki nyingi huiona tupu. Kwa maoni yetu, kununua deki mpya si jawabu. Rangi hiyo huharibiwa na joto na jua, na vyote viwili Tabora havikosekani! Simulizi zinakiliwe kwingine mapema, wazee wangali hai kuzisahihisha.