Malkia wa Chungu wa Moto

Mvua za kwanza zikiisha kunyesha, ninyi nyote mmepata kuwaona kumbikumbi wakitoka ardhini, wakiruka kitambo, kisha wakidondosha mbawa zao chini ya taa. Mwezi huu twataka kuwasimulia mdudu mwingine ambaye arusi yake yafanana na ile, ingawa si ndugu ya kumbikumbi. Naye ni chungu wa moto. Wala msimdhanie kuwa ni majimoto wa miembeni. Huyu hukaa udongoni, na kwao ni Amerika ya Kusini, katika nchi za Brazili, Paraguai na Ajentina. Katika miaka ya 1930 alichukuliwa na meli pasipo watu kujua, akashuka katika bandari ya Mobile, jimbo la Alabama, huko Marekani, na tangu hapo ameenea katika majimbo mengi ya kusini.

Siku ya arusi huwa ni siku ya joto isiyo na upepo mwingi, baada ya mvua. Wanawali wenye mbawa hupaa juu, mita mia na zaidi, na huko angani kila mmoja hupata mume, kwa kawaida mara moja tu. Mume hufa upesi. Mke hushuka akiwa amehifadhi mwilini mbegu zipatazo milioni 7, akiba ya maisha yake yote, kwa maana hataolewa tena.

Akiisha kutua, huzivunja mbawa zake mwenyewe, huchimba tundu la sentimita chache katika udongo mbichi, kisha huuziba mlango. Wengi hawafiki hapo. Kerengende huwadaka angani, na chungu wengine, hata wa jamii yao wenyewe, huwaua wakiwa bado wanatafuta mahali.

Humo gizani malkia hali kitu. Misuli iliyomrusha angani haina kazi tena, basi huyeyuka ndani ya mwili wake ikawa chakula, pamoja na mafuta yake. Hutaga mayai 10 hata 15, kisha mengine mengi, na baadhi hayana mtoto ndani. Hayo ni posho ya mabuu. Mwezi mmoja hivi ukipita, binti wa kwanza hutoka, na mama amekwisha kupoteza kadiri ya nusu ya uzito wake. Binti hao ni wadogo mno, wadogo kuliko wote watakaozaliwa baadaye, kwa kuwa mama aligawa kidogo alichokuwa nacho ili wawe wengi. Ndio wanaofungua mlango na kumletea tonge la kwanza.

Mtu angedhani taabu imekwisha. Sivyo. Malkia wengi hushuka siku moja, na matundu yao huwa jirani. Binti wa tundu moja wakigundua la pili, huingia wakaiba watoto. Wenyeji nao huenda kuwarudisha, wakaiba na wa wenzao. Mwishowe nyumba moja hushinda. Ndipo binti wa nyumba zilizoshindwa huhamia kwa mshindi, wakamwacha mama yao peke yake. Mimi habari hii hunisikitisha kuliko zote, kwani aliwalisha kwa mwili wake mwenyewe. Wako wasiokubali kuachwa. Hutoka wakafuata njia waliyopita binti zao, wakajaribu kuingia katika nyumba ya mshindi, na mara chache mmoja hufaulu.

Hata malkia wanaochimba pamoja tangu mwanzo, wawili, watatu au zaidi, na kuyatunza mayai kwa ushirika, hawana amani. Faida yao ni kupata binti wengi upesi kwa ajili ya wizi ule. Lakini binti wakiisha kutoka, huwageukia malkia na kuwashambulia, na malkia nao hupigana, hata abaki mmoja. Binti hawamponyi hata mama aliyewazaa. (Ziko nyumba nyingine zenye malkia wengi daima, lakini desturi zao ni mbali.)

Yule aliyebaki huendelea kutaga. Baada ya miaka michache nyumba yake yaweza kuwa na watenda kazi zaidi ya 200,000, wote wakali. Na siku ya joto, mvua ikiisha kunyesha, wanawali wake hupanda juu ya majani wakakunjua mbawa.